Fielder ya ami: shajara ya kutafuta spika za milango

Jumamosi, Shella ya Malindi

Basi mradi umeanza rasmi. Gari yenyewe ni Toyota Fielder, ile NZE141, ya ami yangu, anaendea nayo Gongoni kwenye mashamba ya chumvi karibu kila siku ya kazi, na kule akifika anaipaki kutwa nzima upepo wa bahari unaipiga ubavuni, kwa hivyo chochote cha chuma ama cha karatasi kilicho ndani ya ile milango kimeshakula chumvi ya kutosha. Mlango wa kulia sauti inakwaruza, wa kushoto inatoka ikitaka, ukigonga paneli na ngumi inarudi. Nyuma ziko sawa, hazina raha lakini ziko sawa.

Nimemuuliza ami anataka nini hasa, manake ukimuachia muuza duka akuchagulie utatoka na kitu cha kutingisha vioo. Kanijibu, "Mwanangu, mi makelele sitaki. Nataka nimsikie Juma Bhalo asema nini." Bas. Hilo ndo agizo la kazi, na wallahi ni agizo zuri kuliko "weka besi", kwa sababu linakwambia masafa. Juma Bhalo mwenyewe kazaliwa hapa hapa Malindi, na taarab yake maneno ndo kila kitu, mshororo mmoja ukikupita umepoteza fumbo zima. Sauti ya mwanamume inaanzia kwenye hezi 100 hivi (mitetemo 100 kwa sekunde) kwenda juu, na zile herufi zinazofanya neno lieleweke, s na sh na t na ch, ziko juu kule kwenye kilohezi 2, 4, mpaka 8. Fidla waya wake mnene kabisa ni hezi 196. Kwa hivyo karibu kila kitu anachotaka ami kinaingia kwenye spika ya kawaida ya mlango ya inchi sita na nusu pamoja na tuwita nzuri (kile kispika kidogo cha sauti za juu), huhitaji boksi la besi nyuma, huhitaji ampu (mashine ya kuongeza nguvu ya sauti).

Redio tulishabadilisha zamani. Ile iliyokuja na gari ilikuwa ya Kijapani, FM yake inaanzia 76 inaishia 90, na stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108, so ilikuwa imewekewa kile kiboksi cha kushusha masafa nyuma ya eria, namba zinazosomeka si zenyewe na sauti ina mchanga. Aliyonayo sahii ni dabo-dini ya kawaida (saizi ya redio yenye kimo maradufu), na pembeni kuna vile vipande viwili vya plastiki kwa sababu tundu la Toyota lina upana wa milimita 200 na redio za dukani ni 178.

Jumapili

Nimefungua mlango wa dereva. Skrubu moja iko nyuma ya kishikio cha ndani, nyingine kwenye mahali pa kuwekea mkono chini ya kifuniko, halafu unavuta paneli kuanzia chini, zile klipu zinaachia moja moja na kila moja inakupiga moyo. Nyuma ya paneli kuna plastiki ya kuzuia maji imegandishwa na ile gundi nyeusi, na kwa jua hili la kaskazi gundi ilikuwa laini inanata kila mahali, vidole, mkeka, simu. Mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa yanaitoa. Petroli pia inaitoa lakini inatoa na rangi ya mambo mengine.

Spika imepigwa riveti, haina skrubu. Toyota nyingi za Japani ziko hivyo. Unachukua drili na biti kubwa kidogo kuliko shina la riveti, unakula kichwa chake taratibu mpaka kiruke, usilazimishe ukalipanua tundu la bati. Na weka kitambaa chini ndani ya mlango uvune zile chembe za chuma, zisipovunwa zitakwenda kukaa kwenye sumaku ya spika mpya na utasikia mkwaruzo uanze upya.

Nikaitoa. Hebu niieleze vizuri kwa sababu hapa ndo unaona kwa nini sauti ilikuwa vile. Koni (ile sahani inayotikisika) ni ya karatasi, ukingo wake umekatika kutoka ilipo namba 11 kwenye uso wa saa mpaka namba 2, yaani upande wa juu ambako maji yanachuruzika kutoka kwenye kioo, na pale karatasi imekuwa na rangi ya chai na ukiigusa inabaki kwenye kidole. Sumaku ndogo, sarafu ya bob ishirini inafunika sehemu kubwa ya mgongo wake. Vile vichwa viwili vya waya vina kutu ya kijani, kimoja kimebaki kushikwa na nywele mbili tatu za shaba. Nadhani kutu kama hiyo ndo ile "ukigonga inarudi" ya kushoto.

Kupima. Kipenyo ni inchi sita na nusu kwa lugha ya dukani. Lakini usidanganyike na hiyo namba peke yake. Spika ya kiwandani ina fremu ya plastiki iliyoumbwa ndefu, yenyewe inajiinua kutoka kwenye bati mpaka karibu na wavu wa paneli. Spika ya dukani ni bapa, ukiipiga moja kwa moja kwenye bati mgongo wake unazama ndani ya mlango na kioo kikishuka kinaukuta. Kwa hivyo vipimo vinavyotakikana ni vitatu: upana wa tundu, kina kutoka kwenye bati mpaka kwenye kioo kikiwa KIMESHUSHWA CHOTE, na nafasi kutoka kwenye bati mpaka nyuma ya wavu wa paneli. Kwa gari hii nimepata kina cha milimita 48 mpaka kioo, na mbele nafasi ya 30 na kitu. Maana yake nikiweka ringi ya milimita 20 naweza kubeba spika yenye kina cha mpaka 60 na kitu na bado kioo kipite kwa amani.

Testa kwenye spika ya kushoto ambayo bado ni nzima imesoma omu 3.3 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Hiyo ni spika ya omu 4, usishangae, testa inapima waya wa koili peke yake na siku zote inasoma chini kidogo ya ile iliyoandikwa. Ni muhimu kupima kabla ya kununua kwa sababu magari mengine yaliyotoka na mfumo wa bei ghali wenye ampu yake ya siri yanatumia omu 2 ama chini ya hapo, ukiweka ya 4 sauti inashuka. Huku hakuna ampu, ni redio na spika tu.

Jumatatu jioni, mjini

Nimezunguka maduka. Jamani wati! Kila boksi lina wati mia tano, mia sita, moja imeandikwa elfu moja na spika yenyewe ukiishika mkononi haina uzito wa chapati ya jana. Jamaa mmoja ananiambia, "Kaka, chukua hii, wati mia sita, hutanirudia." Nikamuuliza RMS ngapi. Akageuza boksi, akageuza tena. "Hiyo ni ile ile."

Sio ile ile. Ile kubwa ni mdundo wa nukta moja ambao spika inaweza kustahimili isife, RMS ndo mzigo inaoweza kubeba mfululizo. Lakini hata RMS nayo kwa kesi yetu haina uzito watu wanavyodhani, na hapa nataka kueleza kidogo kwa sababu ndo kiini cha uchaguzi mzima. Redio ya ami nyuma imeandikwa 55W x 4. Zidisha, wati 220. Sasa angalia fyuzi ya nyuma ya redio hiyo hiyo: ampea 10. Gari ikiwa inanguruma umeme ni volti 14.4, mara 10 ni wati 144, na hizo ndizo zinazoINGIA, kabla redio haijawasha taa zake, na ampu ya ndani ya redio inapoteza karibu nusu kama joto. Zitatoka vipi 220? Hazitoki. Ukweli ni kwamba redio za namna hii zinatoa kama wati 15 mpaka 20 safi kwa kila spika, hata iandikwe nini mbele.

Kwa hivyo una wati 15 mkononi. Swali la dukani sio spika inabeba wati ngapi, swali ni hizi wati zangu 15 spika itazifanyia nini. Na jibu la hilo ni ile namba ndogo hakuna anayeisoma, ya desibeli, wanaita sensitiviti. Wanaipima kwa wati moja, umbali wa mita moja. Kila desibeli 3 zikiongezeka ni kama umezidisha nguvu ya redio mara mbili bila kulipa. Spika ya 87 na spika ya 91, tofauti ni 4 tu ukiangalia kwa macho, lakini ile ya 91 ukiipa wati 15 itakupa sauti ambayo ile ya 87 inataka karibu wati 38 kuifikia. Redio ya ami haina 38. Kwa hivyo lile dude la sumaku nzito la RMS 100 lililotengenezewa ampu, hapa kwetu litalala usingizi.

Nimeandika majina ya spika tatu kwenye simu. Sitaji kampuni, nataja namba.

Ya kwanza, koaksia, tuwita imekaa katikati ya koni, RMS 80, desibeli 87, kina milimita 71. Kina peke yake kimeshaitoa.

Ya pili, koaksia pia, RMS 45, boksi limeandika desibeli 92 kwa herufi za dhahabu. Nikasoma chini kabisa, kumbe wamepima kwa volti 2.83 na sio kwa wati moja. Kwenye spika ya omu 8 volti 2.83 ni wati moja kamili, lakini kwenye omu 4 ni wati MBILI, kwa hivyo toa 3. Inabaki 89. Sio mbaya lakini si 92. Huu mchezo uko kila mahali, ukiona namba nzuri sana tafuta imepimwa vipi.

Ya tatu, seti ya komponenti, yaani wufa (spika ya sauti nene) peke yake na tuwita peke yake na krosova ndogo ya waya (inayogawa sauti nene huku na za juu huku), RMS 50, desibeli 90 kwa wati moja, kina milimita 54, koni ya plastiki polipropilini, ukingo wa raba. Hii Malindi hakuna, iko Mombasa.

Kabla sijasahau: kuna duka nimeonyeshwa spika ya jina kubwa kwa bei ya kutupa, herufi moja ya jina imepinda kidogo, namba ya mashine kwenye boksi na kwenye sumaku hazifanani. Nimesema ahsante nikatoka.

Jumatano

Mjadala na fundi. Huyu fundi ni mtu mzima, anafunga redio za tuktuk na matatu tangu mi niko shule, na namheshimu, lakini hatukuelewana kwenye mambo mawili na bora niyaandike.

La kwanza, koaksia ama komponenti. Yeye anasema koaksia, kazi fupi, unatoa moja unaweka moja. Kweli. Lakini kwenye Fielder spika ya mlango iko chini kule karibu na muundi wa mguu, tuwita ikiwa katikati ya koni inauimbia mguu, na zile sauti za juu zinakwenda moja kwa moja, hazikunji kona, zinaishia kwenye suruali. Wufa ikae chini haina shida, sauti nene inasambaa popote. Tuwita ndo inataka kuona sikio. Na ami shida yake ni maneno. Komponenti basi, tuwita juu kwenye ile pembetatu ya plastiki karibu na kioo cha pembeni.

La pili, koni ya karatasi ama ya plastiki. Fundi anasema karatasi ina sauti tamu, na mimi sibishi, sauti ya mtu kwenye karatasi nzuri ni kitu kingine. Ila karatasi ile anayoisifu iko ndani ya nyumba. Hii inakwenda Gongoni. Mlango wa gari ndani ni mahali pa maji, mvua ikinyesha maji yanapita kwenye mpira wa kioo, yanashuka ndani, yanatoka kwenye vitundu vya chini, hivyo ndivyo ulivyotengenezwa. Ongeza na hewa ya chumvi. Ukingo wa sponji huku unakuwa unga, raba inadumu. Nikamwonyesha ile ya zamani na ukingo wake. Akaishika, akaigeuza, akasema, "Hii imekufa kifo cha pwani." Tukacheka, tukakubaliana raba na plastiki.

Seti imeagizwa Mombasa, jirani anashuka Ijumaa atakuja nayo. Elfu saba mia tano.

Ijumaa usiku

Imefika. Uzito upo, namba zinafanana, waya wa tuwita una kapasita yake (kile kinachozuia sauti nene zisifike kwa tuwita) ndani ya kiboksi. Kabla ya kufunga chochote nimejaribu kwa betri ya volti 1.5, ile ya rimoti: chanya kwenye chanya, hasi kwenye hasi, koni inaruka NJE. Zote mbili zimeruka nje. Hii ni dakika moja na inakuokoa na mambo ya ajabu, manake spika mbili zikipishana, moja inasukuma nyingine inavuta, besi inajiua yenyewe katikati na sauti ya mwimbaji inakuwa haina mahali, unasikia yuko pande zote na hayuko popote.

Tuwita usiijaribu kwa betri bila kapasita yake.

Jumamosi, ringi

Ringi za plastiki za dukani za gari hii sikupata zenye unene ninaoutaka. Fundi seremala kaniambia ana MDF, ile mbao ya ungaunga, inakatika vizuri. Inakatika vizuri na ikilowa inafura, na mlango nimeshasema ni mahali pa maji. Plaiwudi ya boti ingefaa, lakini nimepata kitu bora: ubao mweupe wa plastiki wa kukatia nyama, ule mzito, unene milimita 20 barabara. Haunywi maji, hauozi, skrubu inashika vizuri ukitoboa tundu dogo kwanza. Tumechora duara mbili kwa kila ringi, seremala akakata nje na ndani kwa msumeno wa umeme ule mwembamba, taratibu, ukienda mbio plastiki inayeyuka na kuufunga msumeno. Karakana yote ikajaa vinyuzi vyeupe. Mama yangu kaniuliza ubao wake uko wapi, nikamwambia huu ni mwingine nimenunua, na kweli nimenunua, risiti ninayo.

Ringi imeshikwa kwenye bati na bolti zenye nati, sikurudisha riveti, ili siku nyingine atakayefungua asilazimike kutafuta drili. Chuma cha pua, sio zile za kawaida. Katikati ya ringi na bati nimeweka ukanda wa sponji mwembamba uzibe.

Jumapili, mlango wenyewe

Hapa ndo wengi wanaruka na hapa ndo sauti iko. Spika inapiga hewa mbele na inapiga hewa nyuma kwa wakati mmoja, na ile ya nyuma ni kinyume cha ile ya mbele. Zikikutana zinafutana, hasa sauti nene. Mlango ukiwa na matundu makubwa ya kupitishia mkono wa fundi, yamefunikwa na plastiki laini tu, zinakutana hapo hapo. Unaweza kuweka spika ya elfu arubaini na ukasema ile ya kiwandani ilikuwa na besi zaidi.

Fundi kaleta ule utepe wa kuzibia mabati ya nyumba, wenye foili juu na lami chini, bei rahisi sana. Nimemkatalia kwa adabu. Lami kwenye mlango wa gari iliyopakiwa juani Gongoni inalainika, inateremka, na harufu inaingia ndani mwezi mzima. Nimetumia zile shiti za butili (raba inayonata) zenye foili, za gari, ghali kidogo lakini zinatulia. Kwa kila mlango: kipande kikubwa kwenye bati la nje nyuma ya spika, kibonyezwe kwa kirola ama mgongo wa kijiko mpaka alama za foili zilale, kisha matundu makubwa yazibwe. Bati nimelifuta kwanza na spiriti, vumbi la barabara ya kule lilikuwa limeganda na chumvi.

Vitundu vya chini vya kutolea maji USIVIZIBE. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu fundi msaidizi alikuwa tayari ameshika kipande anaelekea huko. Na ile plastiki ya kuzuia maji irudi mahali pake, usiitupe.

Waya. Sikuvuta mpya. Kwa wati 15 hadi 20 waya wa kiwandani unatosha kabisa, na kupitisha mpya kwenye ile raba ya mlango ni mateso ya bure. Rangi za Toyota kwa mbele: kushoto waridi ni chanya na zambarau ni hasi, kulia kijani hafifu ni chanya na buluu ni hasi. Nimekata ile sehemu yenye kutu mpaka nikafika kwenye shaba inayong'aa, nikalehemu kwa risasi, nikavisha mpira wa kusinyaa kwa moto. Kwenye vichwa vya spika nimepaka vaselini kidogo juu baada ya kuunganisha, chumvi isipate pa kuingia. Krosova imekaa upande wa ndani wa ile plastiki, upande mkavu.

Jumapili, alasiri

Kusikiliza. Kwanza kwenye redio nimekata sauti zote zilizo chini ya hezi 80 kwa spika za mbele, filta hiyo iko kwenye menyu ya redio nyingi na watu hawaigusi. Inchi sita na nusu ikihangaika kupiga hezi 40 haikupi besi, inakupa mtikisiko na kuchafua sauti ya mtu. Gita la besi kwenye muziki wa bango waya wake wa chini ni hezi 41, kwa hivyo ndio, hapo kuna kitu tunakiacha, na ami anajua na kasema sawa. Redio isiyo na filta unaweza kuweka kapasita ya maikrofaradi 400 kwenye chanya ya kila spika ya omu 4, inakata kwenye hezi 100 hivi, lakini taratibu zaidi.

Kisha nimecheza ule mlio wa kupanda kutoka simu, kuanzia hezi 40 kwenda 300, sauti ya kati. Kwenye 90 mlango wa dereva ukaanza kutetema, ilikuwa ni ile fimbo ya loki, nikaizungushia kitambaa na tepu. Kulia kukanyamaza. Kushoto bado kuna kitu kwenye 110.

Krosova ina mahali pa kuchagua tuwita ipige sawa ama ipungue desibeli 3. Mimi nimeweka pungufu, kwa sababu tuwita iko karibu na sikio na kioo kinarudisha sauti, kwangu ilikuwa inachoma. Ami kaja, kaingia, shkamoo ami, marahaba, kaweka Juma Bhalo wake. Kasikiliza beti nzima hajasema neno, kisha: "Mbona kama yuko nyuma ya pazia?" Nikaigeuza iwe sawa. "Ehee. Hapo." Mwimbaji kwangu alikuwa anarusha s kama sindano, na kwa ami ndo kwanza anaeleweka. Umri wake umeshapita sitini, masikio yanapoteza sauti za juu kwanza, hiyo inajulikana, na nilikuwa natega tuwita kwa masikio yangu kwenye gari ambayo si yangu. Imebaki sawa. Mimi nikipanda nitashusha trebo (sauti za juu) kwenye redio.

Akarudisha beti ile ile. Kuna neno alikuwa miaka yote analisikia tofauti, akalirudia mara mbili, akanitazama. "Kumbe alikuwa amtukana!"

Jumanne

Tumekwenda nayo mpaka daraja la Sabaki na kupita Mambrui, vioo chini. Kwa mwendo wa themanini upepo unakula kila kitu kilicho chini, besi inapotea, ila maneno yanasikika bila kupandisha redio mpaka mwisho, na hapo ndo zile desibeli 90 zinajilipa. Zamani alikuwa akifika huko sauti ni 35 kati ya 40 na redio imeanza kupasua. Sahii 22. Redio inayopasua inaua tuwita hata kama wati zake si nyingi, ikifika mwisho wa nguvu zake inakata vichwa vya mawimbi na ule uchafu wote unakwenda juu kwa tuwita.

Nyuma nimeacha za kiwandani. Fedha nimesogeza mbele, nyuma zinasikika kidogo tu kwa abiria. Kama bajeti ni ndogo tia pesa yote mbele na kwenye milango, usigawe kwa nne.

Jumla: spika 7,500, butili 2,400, ubao wa nyama na seremala 1,100, bolti na takataka ndogo 600. Kazi ya fundi sitaandika kwa sababu alichukua zile spika za zamani pamoja na soda, ile iliyo nzima kasema anaiweka kwenye tuktuk.

Kilichobaki: klipu za paneli ya kushoto, mbili zimekatika wakati wa kuvuta, plastiki ilikuwa imekauka, na ule mtetemo wa 110 naamini unatoka hapo kwa sababu nikibana paneli kwa goti unanyamaza. Nimeagiza pakiti, zinakuja na gari ya Alhamisi. Mpaka hapo nimesokota kitambaa nyuma yake.